Neema Ameshika Nafasi ya Kwanza

Namfundisha binti yangu Neema nyumbani, hapa Bagara, karibu na ziwa. Asubuhi mimi ni mwalimu, mchana mpishi, jioni sina hata nguvu ya kuvua viatu. Muhula ulipoisha nikasema basi, angalau tusherehekee. Nikapika pilau ya kwenda kulia ziwani tukitazama viboko, ila kwanza tukapita kanisani kutoa shukrani. Nikasimama mbele, nikatangaza kwamba Neema ameshika nafasi ya kwanza. Vigelegele! Nami nikavipokea bila aibu.

Neema akamwamkia mchungaji.

“Marahaba, mwanangu. Hongera! Darasani mko wangapi?”

“Niko peke yangu.”

Nikamvuta mkono tukakae, kumbe hajamaliza.

“Muhula uliopita nilikuwa wa pili. Mama alisahihisha akiwa amechoka.”