Shati la Hamisi Lilinuka Kahawa ya Mwingine

Siku ile naikumbuka kwanza kwa harufu, mwanangu, mengine yanafuata baadaye. Nilikuwa nafua. Nikachukua shati la mume wangu, Hamisi, ambaye sasa ni marehemu, nikalisogeza puani kabla ya kulitia kwenye maji, kama sisi wanawake tunavyofanya na hatusemi. Shati lilinuka kahawa. Utasema, bibi wewe, mumeo alikuwa muuza kahawa, ulitaka anuke nini? Subiri basi. Lilinuka kahawa, lakini si yangu.

Mimi ndiye niliyekuwa nakaanga. Tunanunua buni dukani kwa ushirika, zile zilizokuja na malori kutoka Bukoba kupitia Nzega na Shelui. Nazikaanga, nazitwanga kwenye kinu, unga naufunga kwenye vipande vya kanga yangu kuukuu ya maua mekundu, na Hamisi anabeba kwenda kuchemsha na kuuza sokoni, Singida mjini. Kahawa yangu nilikuwa naijua hata gizani. Hii ya kwenye shati ilikuwa laini, ina iliki kwa mbali, hakuna hata punje iliyoungua. Huu ni mkono wa mwanamke, nikasema. Tena mwanamke asiye na haraka.

Wivu ukanipanda mpaka masikio yakaziba. Wenzangu wakinusa manukato kwenye shati la mume wanalia. Mimi nilinusa kahawa, nikaacha nguo kwenye beseni na povu lake, nikajitanda kanga, nikatoka.

Ninyi vijana siku hizi mnazunguka mji kuonja kahawa, mnakaa kwenye viti virefu, mnapiga picha kikombe kabla hamjanywa. Msidhani mmeanza ninyi. Mimi niliionja kahawa ya Singida nzima kwa mchana mmoja, ila mimi nilikuwa natafuta mwizi.

Nilianzia kwenye baraza karibu na msikiti. Pale alikuwepo mzee mmoja anayekaanga buni mpaka zinakuwa nyeusi tii, anatia tangawizi ya kukutoa machozi. Wanaume walikuwa wanabishana habari za vijiji vya ujamaa, nani atahamishwa na nani atabaki, wakanyamaza waliponiona.

"Shemeji, karibu barazani! Leo Hamisi amekufukuza?"

"Anifukuze ana nini? Nipeni kikombe."

Wakacheka, wakanipa. Nikanywa nimesimama. Ilikuwa kali, ya kiume, wala haikuwa ile. Nikashukuru nikaondoka, nao nyuma yangu wakaanza upya kubishana, sasa habari zangu.

Nikaenda stendi ya malori. Kwenye mgahawa wa pale madereva walikuwa wanakunywa kahawa ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Hiyo niliijua kabla ya kuimeza. Kahawa inayofichwa kwenye sukari ina sababu zake, nami nikaiacha nusu.

Basi nikaingia sokoni, mahali pa Hamisi mwenyewe. Hakuwepo. Birika liko kwenye makaa, vikombe vimeoshwa vimepangwa, na mteja wetu wa siku nyingi, mzee mmoja wa Kiomboi aliyekuwa akiuza vitunguu, amebaki kulinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Hongera! Kahawa yako siku hizi imekuwa tamu sana. Kuna kipindi tuliikimbia, tusikufiche."

Mwanangu, mtu mwenye wivu husikia anachokitaka. Nilisikia hongera, hayo mengine yakapita na upepo. Nikainua birika, nikajimiminia. Nikaifikisha mdomoni. Ilikuwa ni ile ile ya kwenye shati! Kwenye birika langu! Kumbe huyo mwanamke hakutosheka na mume, ameingiza mkono mpaka kwenye chungu changu.

"Hamisi yuko wapi?"

"Amekwenda Mandewa kuchukua mzigo."

Mzigo gani Mandewa, na mzigo wake asubuhi nilimfungia kwa mkono wangu?

Mandewa enzi hizo palikuwa pembeni ya mji, nyumba nyingi bado za tembe, zile za udongo zenye paa bapa, chini chini. Sikuuliza mtu njia. Upepo wa Singida mnaujua, unataka kukuvua kanga mchana kweupe. Siku ile ulikuwa unavuma ukinijia usoni, na umebeba ile harufu. Niliufuata mpaka kwenye mlango wa tembe moja, nikainama nikaingia bila hodi.

Ndani nikamkuta Hamisi amekaa kwenye kigoda kama mwenye nyumba. Mbele yake yuko mwanamke anakoroga buni kwenye kikaango, mrefu, shingo hiyo, macho hayo. Jina lake Zuhura. Nilikuwa nimeomba njiani awe na sura mbaya, na Mungu hakunisikia.

"Kumbe ndiyo mzigo wenyewe huu!" nikapiga kelele. "Na wewe, malaya mkubwa, umekosa wanaume wote Singida..."

"Hodi yako sikuisikia," ikatoka sauti pembeni. Alikuwa mama yake Zuhura, Bi Tatu, mzee sana, anachambua buni kwenye ungo. Hakunitazama hata. "Kaa kwanza. Zuhura, mpe mgeni kikombe."

Hapo ndipo niliponaswa. Kwetu sisi Wanyaturu, angalau kwenye nyumba niliyolelewa, ukishakunywa cha watu ndani ya nyumba yao, matusi unayaacha nje. Huwezi kumeza cha mtu halafu ukamtemea yeye. Nilijua hivyo, na ningeweza kukataa kile kikombe, nikatukana mpaka koo likauke. Lakini mimi nilikuwa mkaangaji. Kahawa ilikuwa mpya, imetoka kutwangwa, na pua yangu ikanisaliti. Nilitaka kujua. Nikakipokea.

Nilitamani iwe mbaya, mwanangu. Nilitamani niiteme. Nikanywa mpaka kwenye masimbi ya chini ya kikombe. Uzuri wa yule mwanamke nikauona si kitu. Wazuri ni wengi, na wanazeeka. Kilichoniuma ni kwamba kahawa yake ilikuwa bora kuliko yangu, nami nimeinywa, na ulimi wangu mwenyewe umekiri. Nasema kweli, saa ile ningeambiwa nichague, ningesema chukua mume, nipe huo mkono.

Nikainua macho nisiwatazame. Ndipo nikaona, juu ya ubao wa ukutani, vifurushi vya kanga ya maua mekundu. Vyangu. Vimepangwa, vimefungwa kwa fundo langu lile lile, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

"Hamisi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Kwa nini?"

Alikuwa anatazama chini. "Kahawa yako inaungua, mke wangu. Wateja walihama wote. Nikawa naacha yako hapa, nanunua ya Zuhura, naondoka nayo."

"Na zangu?"

"Nitupe jasho lako? Nilishindwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia." Akajishika bega. "Ukanirushia kikaango."

Ni kweli nilikirusha. Nilikuwa nimesahau, au nilijifanya. Tulikuwa tumetoka kuhamia nyumba ya bati kando ya barabara, na mimi nikasema uhuru umeshakuja, kwa nini nikaange kahawa gizani ndani ya tembe kama mtu mwenye siri? Nikalitoa jiko nje, barabarani kabisa, kila apitaye anuse ajue mke wa Hamisi anakaanga. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wahenga walishasema, na mimi yangu nikaitembeza. Hamisi alipoonja akaniambia taratibu, "Mke wangu, mbona inaungua?" Na bega lake likapata jibu.

Bi Tatu akasogeza ungo. "Binti, toka nje usikie upepo, halafu rudi humu. Huko nje unakokaangia, upepo unapuliza makaa yako kuliko unavyotaka wewe. Buni zinaungua ganda, moyo wake mbichi. Rudisha jiko ndani, basi. Hilo ni dogo." Sasa akanitazama. "Kubwa ni hili. Huyu mumeo hakuja hapa kutafuta mke. Amekuja kutafuta uongo wa kukupelekea, maana alipokuambia ukweli ulimrushia kikaango."

Nilitamani ardhi ipasuke. Zuhura akajifanya anapepeta, angalau alinisitiri kwa hilo, ingawa nilimwona akibana kicheko, na kicheko kile sijamsamehe.

Nikavishusha vifurushi vyangu, nikaviweka kichwani, tukarudi nyumbani, mimi mbele, Hamisi nyuma. Jiko likaingia ndani siku ile ile. Kahawa ikarudi kuwa kahawa, wateja wakabaki, na yule mzee wa Kiomboi akasema haoni tofauti. Hilo lilinifurahisha na kunikera kwa pamoja.

Sasa sikiliza, mwanangu, kwa sababu hapa ndipo ninapokupeleka. Tuliishi miaka mingi na Hamisi, tukazaa, tukazeeka. Kila asubuhi nampa kikombe, namuuliza, "Ipi tamu, yangu au ya Zuhura?" Na kila asubuhi anasema, "Yako, mke wangu." Haraka, bila kufikiri. Nami namtazama bega. Ninajua jinsi nilivyomfundisha kunijibu. Huenda alisema kweli kila siku, masikini, na sikuweza kumwamini hata siku moja. Amelala makaburini sasa, na mimi bado namwonea wivu Zuhura, kwa sababu yeye mume wangu alimwambia ukweli, mimi aliniambia utamu.

Basi wivu sikukatazi. Anayekwambia hana wivu anakudanganya, au hana anachokipenda. Ukikushika, nenda kanywe hiyo kahawa ya mwenzako mpaka mwisho, ujue amekuzidi nini, urudi ukajifunze. Lakini kabla hujanusa shati la mtu, tazama nyumba yako mwenyewe. Je, yumo ndani yake mtu anayeweza kukuambia kahawa yako imeungua, na bega lake likabaki salama? Kama hayupo, usimlaumu atakayetafuta wa kumwambia huko nje. Mficha uchi hazai, na anayewatisha watu wasimwambie ukweli, huyo naye anaficha.

Mungu akujalie moto wa kiasi na ukuta wa kukinga upepo. Akupe wa kukuambia kweli, na akuzuie mkono atakapokuambia. Na wewe uliyekunja uso sasa hivi ulipoonja hiki kikombe nilichokupa, nimekuona. Mungu akubariki. Sema tu.