Piki Kwenye Chai ya Baba Mkwe

Hapa Nyeri hakuna anayenishinda kutengeneza piki, na hata baada ya aibu ya Jumamosi bado nasema hivyo. Piki ni ile pete ya plastiki yenye ncha, unayoivaa kwenye kidole gumba ukipiga gitaa. Changu kimenenepa kwa kukamua ng'ombe, kwa hivyo piki za dukani hunibana mpaka kinakufa ganzi. Dawa ni maji moto: nailainisha, naipanua, nacheza kutwa.

Jumamosi nilienda Tetu kujitambulisha kwa wazazi wa Wambui, mchumba wangu, na gitaa langu mgongoni. Nilitaka kuwapigia wimbo, lakini piki mpya ilinibana. Maji moto sikuona, ila kikombe changu cha chai. Nikaitumbukiza humo, tukafumba macho kwa maombi.

Maombi yalikuwa marefu. Nilipofumbua macho, mama mkwe alishampelekea mumewe kikombe changu kimakosa.

Mzee akanywa, akasita, akatoa kitu mdomoni.

"Hii ni ukucha ya nani?"

"Ni yangu, baba."

Nikaipokea, nikaivaa palepale na mate yake. Haikunibana hata kidogo.