Kura Moja ya Haverkamp

Mwaka bei ya maziwa ilipoanguka, wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani, walifunga barabara kwa magogo, wakasimamisha malori na kumwaga maziwa mtaroni. Wendell Haverkamp, mwendesha mashtaka wa wilaya, aliwajua wote. Mmoja wao alikuwa Lambert, kaka wa mkewe.

Walipokamatwa, jaji mwenyewe alimdokeza kwamba faini ingetosha. Wendell hakutaka kusikia. Magazeti ya mjini yalikuwa yakitafuta mtu wa kuwanyoosha wakulima, naye roho yake ilikuwa kwenye useneta wa jimbo. Akasimama mahakamani, akamwita shemeji yake mhuni, akaomba wafungwe mwaka mzima. Wakafungwa. Odelia, mkewe, alikaa safu ya nyuma.

Lambert akiwa ndani, benki ikapiga mnada shamba lake kwa deni. Tangu hapo Wendell akawa hana wa kumsalimia. Hata kinyozi alimkatalia kiti.

"Leo mkono unanitetemeka, mheshimiwa," alimwambia. "Usiniletee shingo yako."

Uchaguzi ulipofika, alifanya mkutano katika ukumbi wa kanisa. Watu walijaa, hakuna aliyepiga makofi. Lambert, aliyetoka gerezani amekonda, akainuka.

"Shemeji, kama ungekuwa hugombei, ungetuombea kifungo cha mwaka?"

Wendell akajibu kwamba sheria ni sheria.

"Sikuulizi sheria. Nakuuliza wewe."

Wendell akageukia habari za kodi na barabara. Watu wakaanza kutoka, wengine wakisukuma viti kwa makusudi, hadi akabaki na mchungaji aliyengoja kufunga mlango.

Hata hivyo alishinda. Mjini walimpa kura tele. Lakini katika kituo cha kijijini kwake, alipata moja tu.

Alirudi nyumbani na matokeo hayo, akamkuta Odelia anaandaa viazi na nyama ya nguruwe. Akamuuliza, taratibu, kama alikuwa amesahau kwenda kupiga kura.

"Nilikwenda asubuhi, kabla yako," alisema Odelia. "Kula, chakula kinapoa."

Januari Wendell alikwenda Des Moines, mji mkuu wa jimbo, kuapishwa. Odelia hakupanda treni. Alihamia na kaka yake katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la mbegu, akawa anashonea watu nguo. Wendell alikaa kwenye kiti cha useneta miaka mingi, na kila Krismasi alimtumia Odelia zawadi. Posta ilikuwa ikimrudishia zawadi hiyo ikiwa haijafunguliwa.