Mtungi wa Akiba wa Mama Mkwe

Naikumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na kwa kweli siipendi. Lakini umri umekwenda, na sioni faida ya kwenda nayo kaburini bila kukuambia. Kaa hapa nikueleze jinsi nilivyodanganya kwa maji.

Nilikuwa mke mgeni kijijini Matambarale. Nimezaliwa Mtua, upande wa Nachingwea, na niliolewa wakati ule vijana wengi wanafanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Baba mkwe naye alikaa huko miaka miwili, kazi yake kuchemsha maji ya kunywa ya vibarua. Aliporudi alikuja na mazoea hayo, na mama mkwe akayashika kuliko yeye mwenyewe, maana alikwishazika watoto wawili kwa ugonjwa wa kuhara.

Nyumbani tulikuwa na mitungi mitatu. Miwili ya maji ya kila siku, ya kupikia na kuogea. Wa tatu ulikaa chumbani kwa mama mkwe, mdomo umefunikwa kwa kigae na kuzibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na juu ya udongo huo alama za vidole vyake vitatu. Ndani mlikuwa na maji yaliyochujwa kwa kaniki safi, yakachemshwa mpaka yakatokota, yakapozwa yamefunikwa. Hayo yalikuwa ya mgonjwa, ya mwanamke aliyejifungua, na ya siku ambayo mto hautatupa kitu. Kila baada ya muda aliyahamishia kwenye mitungi ya kupikia, akasugua mtungi, akachemsha mengine. Mimi nilimwona anajisumbua bure. Kuni zenyewe tulizifuata mbali, na maji tuliyachimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, unasubiri kata moja ijae kama unamkamua mbuzi mzee.

Mwaka huo wavulana wa kijiji walikuwa jandoni, na siku ya kutoka kwao kila nyumba ilitakiwa kupeleka togwa. Mama mkwe alikwenda Ruangwa kumwangalia dada yake mgonjwa, akaniachia kazi hiyo. Nilitaka sifa, sikufichi. Nilitaka wanawake wa pale waseme mke mgeni anajua togwa. Lakini asubuhi ya siku ya kuipika nilikaa nasukwa nywele, na nilipofika mtoni wenzangu walikuwa wameshajipanga kisimani. Nikarudi na nusu debe. Nikautazama ule mtungi wa akiba, nikavunja udongo.

Togwa ilisifiwa, hilo usiniulize. Kesho yake nilichota maji ya mtoni, mabichi vile vile, nikajaza mtungi, nikakanda udongo na kubonyeza vidole vyangu vitatu. Nikajiambia nitayachemsha keshokutwa. Mama mkwe akarudi, nikamwambia mambo yote yalikwenda vizuri. Keshokutwa yangu haikufika.

Siku ya sita tangu niujaze mtungi, wifi yangu Somoe, dada wa mume wangu, alikuja mbio amembeba mwanawe Hamisi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa anahara na kutapika tangu alfajiri, macho yameingia ndani. Mama mkwe hakubabaika.

"Mlaze hapa, Somoe. Mkwe, fungua mtungi. Maji tunayo."

Alisema maji tunayo kwa imani kabisa, mwanangu. Nikaenda nikavunja udongo wangu mwenyewe, nikachota, nikampa Somoe kikombe. Akamnywesha mtoto kidogo kidogo, na mimi nimesimama pale nimefunga mdomo kwa aibu. Kikombe cha kwanza kikaisha. Alipoomba cha pili ndipo nikapiga magoti.

"Mama, maji haya ni mabichi. Yale yako niliyapikia togwa."

Hakunipiga wala hakupiga kelele. Alimwaga yaliyobaki, akawasha moto. Tukakaa tunaangalia sufuria. Kuni zilikuwa chache, moshi mwingi, na maji yakichemka hayanyweki mpaka yapoe. Mama mkwe aliyamimina kutoka bakuli hili kwenda lile, huku akiyapepea kwa kawa. Hamisi alikunywa kidogo, akatapika, akalala. Alifariki alasiri, mikononi mwa mama yake.

Kama ni maji yangu au ni ugonjwa aliokuja nao, Mungu ndiye ajuaye. Mimi sijui, na kutojua huko kumenitesa mpaka leo.

Baada ya maziko mama mkwe aliniita jikoni. Nilitegemea atanirudisha Mtua. Akaniambia taratibu, "Kuyatumia lilikuwa kosa dogo, mkwe. Ningekuta mtungi mtupu ningekugombeza, na jioni ile ile ningechemsha mengine. Hamisi alipoletwa tungekuwa nayo, yamepoa. Lakini wewe uliujaza, nikalala nikijua tunayo." Akainuka, akaenda kuusugua ule mtungi. Hakulirudia neno hilo mpaka anakufa.

Somoe hakunitukana, lakini mwaka mzima hakunywa maji kwa mkono wangu. Akija kwetu na kiu ikimbana, alivuka uani kwenda kwa jirani. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nachemsha, na kila nikimwona anavuka, moyo uliniuma. Kiangazi kilichofuata alipita akitoka kuvuna ufuta, akakaa mkekani.

"Wifi, nipe maji."

Nikachota. Nikasimama mbele yake na kikombe, nikamwambia, "Nimeyachemsha jana adhuhuri, yamepoa yamefunikwa, na hakuna aliyetia mkono." Akakipokea kwa mikono miwili. Kisha akanywa yote, akanirudishia kikombe, tukalia wote wawili.

Basi shika haya, mwanangu. Siku hizi mna ndoo za mifuniko na dawa za maji, mnatushinda sisi, lakini kazi ni ile ile. Chuja maji, yachemshe mpaka yatokote sawasawa, yapoze yamefunikwa, uyaweke kwenye chombo kilichosuguliwa. Chota kwa kata yenye mpini, usitumbukize mkono. Yabadilishe kabla hayajakaa sana. Fanya hivyo siku ambayo wote ni wazima, kwa sababu mgonjwa akishafika hana muda wa kukusubiri upoze maji. Na ukiyatumia, sema. Ukichoka kuchemsha, sema, utagombezwa kidogo na mwingine ataamka achemshe. Aibu ya kusema mtungi ni mtupu huisha siku moja. Hii yangu bado ninayo.

Mungu aibariki nyumba yako, mwanangu, akupe maji safi na moyo wa kusema kweli. Na akujalie watoto wako wakuzike wewe, usije ukawazika wewe. Amina.