Kilichopita Kwenye Kitambaa

Jumamosi ile nilirudi mapema kutoka soko la Kalerwe, nyanya zangu zikiwa zimekwisha kabla ya saa sita mchana. Tuliishi kwenye nyumba za askari, vyumba viwili: mimi, mume wangu ambaye ni polisi, mama yangu mzazi, na binti yetu wa darasa la tano. Sisi upande wa mama ni Wanubi, kwa hiyo binti yangu alimwita bibi yake Habuba.

Nilimkuta mtoto amechutama barazani mbele ya jiko la mkaa. Hata mzigo sijautua, akaniita.

"Mama, njoo uone! Nimeirudisha chumvi."

Mwalimu alikuwa amewaambia wajaribu nyumbani kutenganisha chumvi na mchanga. Akanieleza kwa haraka, mikono inapaa: alimwaga maji ya moto, akakoroga, chumvi ikayeyuka, mchanga ukakataa. Akachuja kwa kipande cha kanga yangu kuukuu. Maji yaliyopita akayachemsha kwenye sufuria ndogo mpaka yakakauka, na chumvi ikabaki imeganda sufuriani. Sasa ilikuwa kwenye kisahani, nyeupe, yenye ukungu wa kijivu pembeni.

"Kazi nzuri," nikasema. "Mchanga uliutoa wapi?"

"Sikuchanganya mimi. Kule stoo, nyuma ya magunia, kuna kopo la chumvi. Ilikuwa tayari imeingia uchafu."

Kopo hilo nilikuwa nalijua. Niliacha mabonge ya chumvi humo zamani, nikalisahau. Lakini nilikuwa nimeliona tena mikononi mwa mume wangu, wakati mchwa walipotafuna miguu ya kitanda chetu na yeye akatembea nyumba nzima akinyunyiza dawa.

Nikautua mzigo chini.

"Kuna mtu ameionja hii?"

"Habuba. Nyingine ameitia kwenye maharage."

"Na wewe?"

Alitoa ulimi nje kidogo, akaugusa kwa kidole, kunionyesha mahali.

Niliipua sufuria ya maharage nikaiweka chini mbali na sisi, kama vile ingeweza kutufuata. Bado yalikuwa magumu, hakuna aliyekula. Mtoto alikuwa ananitazama usoni, na rangi yake ilikuwa inabadilika.

"Lakini nimechuja, Mama," akasema. "Uchafu wote umebaki kwenye kitambaa."

Akakiokota kile kitambaa, akakikunjua. Mchanga ulikuwepo.

"Mwalimu alisema kitambaa kinashika kisichoyeyuka." Sauti ikashuka. "Na kama dawa nayo inayeyuka?"

Alijua, na mimi nilijua kwa kumsikiliza yeye, kwamba kama inayeyuka ilipita pamoja na chumvi, na maji yalipokauka zilibaki zote mbili.

Mama alikuwa ndani, ameketi kitandani, anajifuta midomo kwa pindo la mtandio. Nikamuuliza amekula kiasi gani.

"Kidogo tu, binti yangu. Ilikuwa chungu, ila mtoto alikuwa amesimama ananitazama. Nitaitemaje mbele yake?"

Alikuwa anameza mate mara kwa mara. Paji la uso lilikuwa limelowa.

Jirani yetu, mke wa askari mwenzake mume wangu, alinisikia nikiita, akaja mbio na kikombe cha maziwa. Mama akakataa, alisema tumbo linamzunguka. Huyo jirani ndiye aliyesimamisha boda boda barabarani. Mimi na mtoto tulipanda moja, jirani akamshikilia mama nyuma ya nyingine. Kopo na kisahani nilivifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaushika mbali na mwili. Nilimpigia mume wangu njia nzima mpaka hospitali ya Mengo. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama kawaida akiwa lindoni.

Hospitalini daktari, mwanamke kijana, alimmulika mama machoni kwa tochi, kisha akageuka kwangu.

"Ni dawa gani hii?"

"Ya mchwa. Nadhani."

"Unadhani au unajua?"

"Sijui, daktari. Mume wangu ndiye anajua, na simpati kwenye simu."

Alifungua kopo, akanusa kwa mbali, akalifunga. Akaita wauguzi wawili. Walimvua mama mtandio, wakamwekea sindano ya mkononi, na mimi nikaambiwa nisubiri nje na mtoto, naye aangaliwe kila mara.

Tulikaa kwenye benchi. Kila alipokohoa nilishtuka. Kila alipokaa kimya nilimwambia aseme kitu, chochote, na yeye alikuwa na maneno yaleyale tu: "Mama, Habuba atakufa?" Mlango ulipofunguka niliona miguu ya mama, myembamba, inatetemeka juu ya shuka.

Mume wangu alifika jioni na magwanda yake. Jirani alikuwa amemtumia mtu kituoni. Nilimwonyesha kopo. Alilitazama, akavua kofia.

"Ni mimi," alimwambia daktari. "Pakiti ilikuwa imepasuka. Nikaimimina humo." Akataja dawa yenyewe, na daktari akaingia ndani upesi.

Jua lilipozama mama alikuwa ameacha kutokwa na jasho. Mtoto hakupatwa na kitu. Kile kidogo cha ulimini hakikutosha kumdhuru. Mama walimbakiza siku kadhaa, na aliporudi nyumbani mikono yake ilikuwa bado haina nguvu ya kushika kikombe kilichojaa.

Maharage tulikuwa tumeyafukia, pamoja na sufuria. Mume wangu alitoa kila kitu stoo, akakipanga upya peke yake.

Asubuhi ya kwanza baada ya mama kurudi niliwapa chai. Binti yangu hakugusa yake. Alisimama karibu na kitanda cha bibi yake, akihesabu mafunda kwa midomo isiyotoa sauti, na kikombe kilipokwisha aliendelea kusimama.

"Nenda shule, mjukuu wangu," mama akamwambia. "Utachelewa."

"Bado, Habuba," akasema. "Ngoja kwanza nione."