Nilikwenda Mlimani Kulala, Si Kuomba

Niliondoka Johannesburg kwa sababu ya neno la shemeji yangu, na nalisema mapema msije mkadhani nilitafuta sifa. Ilikuwa siku ya kumaliza kilio cha mume wangu. Watu wetu wa Bukavu walijaa nyumbani kwa shemeji, Papa Gloire. Fufu ilikuwa imeliwa, nyimbo zimeimbwa, nami nimeshavua nguo nyeusi. Ndipo Papa Gloire akasimama kutangaza kwamba familia imekaa na kuamua: Jumapili inayofuata nihame chumba changu cha Kensington nikaishi kwake, na cherehani zangu zihamie dukani kwake. Mimi mwenye chumba na mwenye cherehani nilikuwa nimeketi palepale na sahani mkononi, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Nikasema sitaki. Nikasema nitaishi peke yangu.

"Peke yako?" Papa Gloire akacheka, na wengine wakacheka naye. "Nabintu, bibi ya kaka yangu, tangu msiba hujalala peke yako hata siku moja. Lala kwanza usiku mmoja peke yako, hata huko porini, ndipo uje tuzungumze."

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Kwetu mjane haachwi alale peke yake. Akina mama wa kanisa waligawana zamu, na kila jioni mmoja wao alikuja na kigodoro chake akalala kando ya kitanda changu. Walinipenda, sikatai. Lakini mwaka mzima, kila nilipoanza kulia, mkono ulikuja gizani na sauti ikasema, "Nyamaza, mama, usilie, Mungu anajua." Halafu wimbo unaanza. Nilikuwa nimemzika mume wangu na sijamlilia mpaka mwisho hata mara moja. Watu wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi hata hilo kovu sikuachwa nilipate.

"Porini ni sawa," nikamjibu mbele ya wote. "Nitakwenda wiki hii hii." Wakacheka tena. Nami nikajua nimeshayavulia maji nguo, sharti niyaoge.

Johannesburg, juma hilo. Nashona katika chumba cha jengo la zamani mjini. Juu yangu kuna kanisa, chini yangu wanauza mablanketi kwa jumla. Mteja wangu mmoja, Wambui, Mkenya anayefanya kazi benki, hupanda milima kila akipata likizo. Alipokuja kuchukua suti yake nilimwambia nataka mahali pa kulala peke yangu juu ya mlima. Akaniangalia vizuri kuona kama nina homa.

"Mama Nabintu, milima ya Drakensberg mwezi wa saba, katikati ya baridi, si mchezo," akasema. "Maji yanaganda ndani ya chupa."

"Wewe hulala huko?"

"Nalala, lakini nimezoea."

"Basi na mimi nataka kuanza kuzoea."

Akanipa hema lake, kigodoro cha sponji, jiko lake dogo la gesi, na jina la mama ambaye humwachia gari kila anapopanda: MaDlamini, anayekaa chini kabisa ya mlima. Mfuko wake wa kulalia ulikuwa wa wakati wa joto. "Nunua mzito," akaniambia. Ninunue? Mimi fundi? Nilichukua duvet mbili nikaanza kukata. "Basi shona mpana," akasema, "kwa sababu utalala na nguo zako zote." Nilimsikia kwa sikio moja. Sisi washonaji wa Bukavu tuna ugonjwa wetu: nguo isiyoshika mwili tunaiona gunia. Nikajipima kifua, kiuno na nyonga, nikakata ule mfuko kama gauni la harusi, nikautia bitana ya satini ya zambarau. Ulipendeza kabisa. Wateja wawili waliuliza kama ninashona kwa oda.

Ijumaa alfajiri nilikuwa kwenye rank, kituo cha taxi za abiria wengi za kwenda Bergville, mji ulio chini ya milima. Abiria wenzangu walikuwa wamejifunga mablanketi, na mvuke ulitoka midomoni mwao wakizungumza. Mzee mmoja alitazama mzigo wangu akauliza kama nakwenda kuomba mlimani. Nikasema hapana. Akaniambia basi nimwombee mguu wake. Ndivyo ilivyo hapa: mtu mweusi akipanda mlima peke yake, lazima awe na mfungo na chupa ya mafuta ya upako. Wazungu ndio wanaopanda bila sababu.

Baada ya mji wa Harrismith barabara ilianza kuteremka, na upande wa kulia milima ikajitokeza. Ilikuwa na theluji juu, nyeupe, imekaa tu kimya kama vile haina habari na mtu. Nilitamani taxi iharibike.

Kwa MaDlamini nilifika mchana. Ni mama mnene wa makamo, sauti kubwa, ana kuku wengi na mume mpole. Isizulu yangu ni ya sokoni, lakini tulielewana.

"Unakuja kuomba?" akauliza.

"Nakuja kulala."

"Hawu. Kulala? Watu wanalala nyumbani."

Nikamweleza habari ya mume wangu na habari ya shemeji. Alisikiliza huku anachambua maharagwe. Mwishoni akasema kwao pia mjane ana sheria zake nyingi, naye alizikuta zote alipofiwa na mume wa kwanza. Hakuongeza neno. Jioni akanitandikia kitanda, halafu akamleta binti yake alale nami, maana mgeni haachwi peke yake. Eish. Nililala nimebanwa ukutani na miguu ya msichana mgongoni, nikicheka kwa hasira.

Jumamosi asubuhi MaDlamini alitaka mume wake anisindikize. Nikakataa. Akanivisha blanketi zito la Kisotho, akanionyesha njia ya ng'ombe inayopanda kwenye mgongo wa mlima hadi kwenye jiwe kubwa lililoinama kama paa. "Weka hema lako chini ya lile jiwe," akasema. "Jua likichomoza, tundika kitambaa hiki chekundu nikione kutoka hapa. Nisipokiona, mume wangu anapanda, utake usitake."

Njia ilinitoa jasho. Nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya ngano, na kwenye vijito maji yalikuwa na barafu pembeni, nyembamba, inavunjika ukiigusa kwa kidole. Nyani walinibwekea kutoka miambani. Nami niliwajibu kwa Mashi, lugha ya mama yangu, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mguu ulinitelezea mara mbili na mara zote mbili nilitazama nyuma nione nani ameniona. Hakuna. Kuanguka bila mtu kusema "pole, mama" ni kitu kigeni sana, na nikagundua napenda.

Chini ya jiwe, jua likiwa bado juu, nilipiga hema na kupika chai. Ndipo simu ikaanza kulia. Alikuwa Papa Gloire. Mama Jolie wa kanisani, aliyekuwa na zamu Ijumaa, alikuta mlango wangu umefungwa, akanipigia nikiwa kwa MaDlamini, nami nikamwambia ukweli wa mahali nilipo, maana mimi si mwongo. Sasa wote wawili walikuwa barabarani.

"Tunakuja kukuchukua," akasema. "Ilikuwa utani, Nabintu. Shuka."

"Mimi sikucheka, shemeji. Endesha polepole, kuna ng'ombe barabarani."

Nikazima simu. Kama wangenikuta na kunishusha, hadithi ingekwisha hapohapo: Nabintu alijaribu, familia ikamwokoa. Nisingepata tena mdomo wa kusema neno, na cherehani zangu zingekuwa kwenye bakie, pikapu ya mtu, kabla ya mwisho wa wiki.

Jua lilipozama baridi ilishuka ghafla, ikaingia kwenye meno. Nikavaa kila nilichobeba: suruali mbili, sweta, na koti la mume wangu. Halafu nikaingia kwenye mfuko wangu mzuri wa satini. Yaani nikajaribu kuingia. Miguu ilipita, nyonga zikapita kwa taabu, mabega yakagoma. Nilikuwa nimejipima nikiwa na blauzi. Nilijikunja, nikavuta, nikajibiringisha mle hemani, hapana. Ama nivue koti, ama nipasue kazi yangu. Nikachukua wembe wa kufumulia ambao hautoki mfukoni mwangu, nikafumua mshono wa ubavuni, mshono safi ambao ningeweza kuuonyesha popote. Kila uzi uliokatika niliusikia. Pengo nikaliziba kwa kitenge na lile blanketi la MaDlamini. Sasa nikatosha.

Baadaye niliona taa za gari zikifika chini, kwenye nyumba ya MaDlamini. Honi ikalia. Halafu sauti ya Papa Gloire, ndogo kwa umbali, ikaita jina langu, ikaita tena. Ningewasha tochi tu, wangeniona. Niliishika mkononi. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa giza, niliogopa mbweha waliokuwa wakilia bondeni, niliogopa upepo uliokuwa unavuta hema kama mtu anayetaka kuingia. Zaidi ya yote niliogopa kwamba shemeji alisema kweli, kwamba mimi ni wa kulindwa tu.

Sikuwasha. Sauti ikanyamaza. Na hapo ndipo kilio kikaja. Nilimlilia mume wangu kwa sauti, vile tunavyolia kwetu, kwa kumtaja majina yake yote na kumsimulia makosa yake: jinsi alivyokoroma, jinsi alivyoniahidi nyumba yenye bustani, jinsi alivyoniambia atapona. Nililia mpaka koo likauma. Hakuna mkono uliokuja. Hakuna aliyeanza wimbo. Kilio kilikwenda, kikafika mwisho wake, kikasimama chenyewe. Sikujua kwamba kina mwisho. Halafu nikalala, si sana, lakini nililala.

Jumapili, jua lilipochomoza, chupa ya maji ilikuwa jiwe na nyasi zote zilikuwa nyeupe. Nikatundika kitambaa chekundu, nikanywa chai, sikufanya haraka. Nilishuka mwenyewe na mzigo wangu wote.

Uani kwa MaDlamini niliwakuta kando ya moto. Mama Jolie alikuwa ndani ya blanketi mpaka puani. Papa Gloire alikuwa na viatu vyake vya kanisani na macho mekundu, alilala garini. Alitaka kupanda usiku uleule, lakini mume wa MaDlamini alikataa kumwonyesha njia. Kitu MaDlamini alichowaambia, walinisimulia wenyewe: "Huyo mama alisema anakwenda kulala. Mwacheni alale."

"Na kama ungekufa kule," Papa Gloire akaniuliza kabla ya salamu, "Bukavu ningewaambia nini?"

"Ungewaambia nimekufa, shemeji. Kaka yako alikufa kitandani, mlango umefungwa, sisi wote tumemzunguka."

MaDlamini, asiyejua Kiswahili hata neno moja, akamwekea Papa Gloire kikombe cha chai.

"Familia imeamua," shemeji akasema tena, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Uliniambia nilale usiku mmoja peke yangu ndipo tuzungumze. Nimelala. Zungumza."

Akasukuma kuni motoni. Halafu akasema, taratibu, kwamba tangu kaka yake afe nyumba yake mwenyewe imekuwa kubwa mno, na alifikiri nikiwa pale na mashine zinalia, ingekuwa kama kaka yake ametoka tu kidogo. Mwaka mzima hakuwahi kuniambia hivyo. Hasira yangu ililegea, nami sikupenda ilegee. Nilimshika bega.

"Njoo kwangu kila unapotaka," nikamwambia. "Tutakula, tutamzungumza kaka yako. Lakini chumba ni changu na cherehani zinabaki."

"Sawa," akasema. Mama Jolie akashusha blanketi puani kuhakikisha amesikia.

Tulirudi pamoja kwa gari lake, maana taxi za Jumapili ni chache. Njiani Mama Jolie alisinzia, mimi nikatazama milima mpaka ikapotea. Mnaosoma nyumbani mtauliza nilijifunza nini. Sikujifunza ushujaa, usiku ule hakuna aliyekuwa mwoga kuliko mimi. Nilijifunza kwamba uoga wangu na msiba wangu vinanitosha mwenyewe kuvibeba, na kwamba upendo wa watu unaweza kukukalia kifuani mpaka ukakosa pumzi. Na mfuko wa kulalia ushone mpana.

Kensington, jioni. Gari lilisimama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na mlango wangu. Nikashuka, na Mama Jolie akashuka nyuma yangu akiburuta kigodoro chake.

"Ijumaa sikulala kwako," akasema. "Acha nilipe zamu yangu."

"Mama Jolie, nakushukuru wewe na mama wote. Zamu zimekwisha."

Machozi yalimlengalenga. Alinikumbatia na kigodoro kikiwa katikati yetu.

"Na ukilia usiku, mwanangu, nani atakunyamazisha?"

"Hakuna, mama," nikamwambia, nikafungua mlango wangu. "Ndicho ninachotaka."