Nilifunga kwa Ajili ya Jino

Msinicheke sana, maana hata mimi bado sijamaliza kujicheka.

Jino langu la mbele lilimeguka zamani, nilipofungua soda kwa meno. Juzi mchumba wangu, Rehema, aliposema shangazi yake anayeishi Norsborg, huku Uswidi, anataka kuniona, nikakimbilia kwa daktari wa meno. Aliijaza ile pembe iliyomeguka kwa kitu cheupe, laini kama udongo, akakikausha kwa taa. Kioo chenyewe kilinisifu. Daktari akanionya: siku mbili bila chai wala bizari, jino lisishike rangi, na nisitafune vitu vigumu.

Kesho yake shangazi alituandalia kuku wa mchuzi wa bizari na chai ya rangi. Niliona aibu kusema nimetengeneza jino kwa ajili yake, nikajibu, "Samahani, Shangazi, nimefunga. Nina maombi."

Uso wake ukang'aa. "Rehema, hapa umepata mume. Basi baba, utuombee chakula."

Harufu ya yule kuku ilinitesa. Nikaaga kwenda kunawa, nikapitia jikoni, nikauma ule mkate mkavu wa Waswidi. Hauna rangi, nilijiambia. Kitu kikalia ka! mdomoni. Nikasikia nyayo, nikauacha mkate mezani, nikatoka.

Niliomba nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyezidiwa na Roho. Baada ya amina, shangazi alikwenda jikoni kuchukua chumvi. Alirudi na ule mkate, kipande cheupe kimenasa pale nilipouma.

"Baba," alisema kwa upole, "wewe umefunga, lakini jino lako limekula."